Gari Lililotumika Hupangiwa Bei na Gari Jipya

Askari anapostaafu, awe wa jeshi au wa polisi, huwa na siku chache tu za kuitwa tajiri. Kiinua mgongo chake huingia benki kwa mkupuo mmoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya utumishi wake huona mbele yake fungu la fedha ambalo mishahara ya mwisho wa mwezi haikumzoeza kulitunza. Habari za namna hiyo hazifichiki. Jamaa huja, marafiki huja, na hata wale aliokuwa nao katika ukurutu, ambao hakuwatia machoni tangu siku hizo, huja pia, kila mmoja na shauri lake. Wa kwanza atasema ng'ombe. Wa pili atasema nyumba za kupangisha. Na wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuja akiendesha gari zuri, atasema yadi ya magari yaliyotumika.

Shauri la huyu wa tatu ndilo tunalokusudia kulipima leo. Hatusemi kuwa ni shauri baya. Wapo watu hapa Uganda waliosomesha watoto na kujenga majumba kwa biashara hiyo. Tunachosema ni kwamba ni shauri lenye kuvutia sana na kueleweka kidogo, na kwamba askari, kwa sababu ya malezi ya kazi yake, yumo katika hatari ya kulielewa kinyume.

Sababu ni hii. Askari amefundishwa kuamini kile anachoweza kukikagua. Huhesabu watu gwarideni, huhesabu bunduki ghalani, na hesabu ikitimia moyo wake hutulia. Akipelekwa katika yadi akaonyeshwa magari 40 yamepangwa safu kwa safu, yameoshwa yakang'aa, hujiona yuko mbele ya mali. Akielezwa habari za hisa, yaani fungu la kampuni asiyoiona kwa macho, hutia shaka. Lakini magari ya yadini hayahesabiki kama bunduki za ghalani. Bunduki iliyolala ghalani mwezi mzima, ikiwa imetiwa mafuta, ni bunduki ile ile. Gari lililolala yadini mwezi mzima limekwisha kupungua thamani. Betri yake imedhoofika, kodi ya kiwanja imelipwa kwa ajili yake, na kama lilinunuliwa kwa fedha za mkopo, limekwisha kula riba. Na juu ya hayo yote kuna jambo moja ambalo mwenye yadi hana amri nalo hata kidogo, nalo ni bei ya gari jipya.

Hakuna mtu anayelitaka gari lililotumika kwa sababu limetumika. Hulitaka kwa sababu ni rahisi kuliko jipya. Kwa hiyo riziki yote ya mwenye yadi imo katika pengo lililopo kati ya bei hizo mbili. Pengo likipanuka, wateja humjia wenyewe. Likisinyaa, wateja humpita wakaenda kwa muuza magari mapya, hata kama yeye hakufanya kosa lolote, na magari yake ni mazima, na maneno yake ni ya kweli.

MAKAMPUNI YA MAREKANI

Ili jambo hili lionekane waziwazi, yafaa tutoke nchini kwa kitambo tuitazame Marekani. Huko biashara ya magari yaliyotumika imeshikwa na makampuni makubwa ambayo hisa zake huuzwa sokoni, na kwa hiyo sheria huyalazimisha kufunua vitabu vyao vya hesabu kila baada ya miezi mitatu. Yadi zetu za Kampala hazifunui vitabu kwa mtu. Tukitaka kujua kinachoipata biashara hii bei za magari mapya zinapopanda na kushuka, hapana budi tusome vitabu vya wale waliovifunua.

Kampuni iitwayo CarMax ilifungua duka lake la kwanza mwaka 1993 mjini Richmond, katika jimbo la Virginia. Haikuanzishwa na watu wa magari. Ilianzishwa na Circuit City, kampuni iliyokuwa ikiuza redio, televisheni na vyombo vingine vya umeme. Fikira yao ilikuwa nyepesi: Wamarekani waliogopa kununua gari lililotumika kwa sababu waliogopa kudanganywa. Basi CarMax ikaandika bei juu ya kila gari na kukataza kupatana. Ikalikagua gari kabla ya kulitoa. Na ikamruhusu mnunuzi kulirudisha katika siku chache akibadili moyo. Mambo hayo yalikuwa mageni katika biashara iliyozoea ujanja.

Mfano huo ulipata mwigaji upesi. Wayne Huizenga, tajiri aliyekwisha kufaulu katika biashara ya kuzoa taka na ya kukodisha kanda za video, alianza mwaka 1996 kufungua maduka makubwa ya magari yaliyotumika kwa jina la AutoNation. Alikuwa na fedha nyingi na haraka nyingi. Lakini miaka hiyo viwanda vya magari vilikuwa vikishindana vyenyewe kwa vyenyewe na kupunguza bei za magari mapya, na pengo tulilolitaja likasinyaa. Desemba mwaka 1999 AutoNation iliyafunga maduka yake ya magari yaliyotumika, ikabaki na biashara ya kuuza magari mapya. CarMax nayo ilipata hasara katika miaka hiyo, ila ilikuwa imejenga taratibu zaidi, ikaweza kungoja. Mwaka 2002 ilijitenga na mzazi wake ikawa kampuni ya peke yake. Na mzazi, yule Circuit City muuza televisheni, alifilisika Novemba 2008, na maduka yake yakafungwa mwaka uliofuata. Mtoto aliyeonekana mzigo ndiye aliyeishi.

Kutoka hapo tunaona mapigo yakija moja baada ya jingine, na karibu yote yakitoka upande wa gari jipya. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, watu waliacha kununua magari, na kiwanda cha General Motors kikatangaza mikopo isiyo na riba hata senti moja. Wengine wakafuata. Msomaji anaweza kuuliza riba ya gari jipya inamhusu nini muuza gari lililotumika. Inamhusu sana, kwani mnunuzi wa Marekani hununua malipo ya mwezi kuliko anavyonunua bei. Tuseme gari jipya ni dola 25,000 kwa mkopo wa miaka mitano bila riba. Kila mwezi mnunuzi atalipa kama dola 417. Tuseme tena gari la namna hiyo hiyo, lililotumika, ni dola 20,000, nalo lina mkopo wa miaka mitano kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Kila mwezi atalipa kama dola 415. Bei zimeachana kwa dola 5,000, na malipo ya mwezi yameachana kwa dola mbili! Nani atachagua gari la mtu mwingine kwa kuokoa dola mbili? Ili kumvuta mteja, muuza gari lililotumika hana njia ila kushusha bei, na magari aliyo nayo yadini ameyanunua kwa bei ya jana.

Mwaka 2009 serikali yenyewe iliingia uwanjani. Uchumi ulikuwa umeanguka, na Marekani ikatoa ruzuku ya dola 3,500 au 4,500 kwa kila mwenye gari kuukuu lenye kula mafuta mengi aliyekubali kulitoa na kununua jipya. Karibu magari 680,000 yalitolewa katika muda wa kiangazi kimoja. Hayakuuzwa tena. Sheria iliagiza injini ziuawe, na namna ya kuziua itawapendeza mafundi makanika wa vikosi vyetu: mafuta ya injini yalimwagwa, ikatiwa dawa ya maji iitwayo silikati ya sodiamu, kisha injini ikawashwa na kuendeshwa kwa nguvu mpaka dawa ikageuka kama kioo ndani yake na kuikaza isizunguke milele. Hapo muuza magari yaliyotumika alipata pigo na faida kwa mkono mmoja. Wateja walimkimbia wakati wa ruzuku, lakini magari ya bei rahisi yalipungua nchini, na bei za yale yaliyobaki zikasimama imara.

Kisha ikaja miaka ya neema, ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyowadanganya watu wengi kuliko miaka ya dhiki. Mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, viwanda vya magari vilikosa chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki ambavyo gari la siku hizi haliwezi kwenda bila ya kuwa navyo. Magari mapya yakaadimika. Mtu aliyetaka gari ilimbidi kununua lililotumika, apende asipende. Kwa takwimu za serikali ya Marekani, bei za magari yaliyotumika Juni 2021 zilikuwa juu kwa asilimia 45 kuliko Juni ya mwaka uliotangulia. Yalikuwako magari yaliyotumika mwaka mmoja ambayo yaliuzwa kwa bei kupita magari mapya ya aina ile ile, kwa kuwa yalikuwapo na mapya hayakuwapo. Kila mwenye yadi alionekana mwerevu.

Kampuni changa iitwayo Carvana, iliyoanzishwa mwaka 2012 na kuuza magari kwa njia ya intaneti na kumpelekea mnunuzi gari lake mpaka mlangoni, ilipandishwa na wimbi hilo kuliko zote. Agosti 2021 hisa yake moja ilifika kama dola 370. Katika furaha hiyo kampuni ilikopa sana, ikanunua magari kwa bei ya juu, na Mei 2022 ikanunua nyanja za mnada za kampuni ya ADESA kwa dola bilioni 2.2. Wakati huo huo benki kuu ya Marekani ilikuwa ikipandisha riba, na viwanda vikaanza kupata chipu na kutoa magari mapya tena. Bei zikashuka hali yadi zimejaa. Desemba 2022 hisa ile ile ilikuwa chini ya dola 4. Aliyeweka dola 1,000 katika kilele hakubaki na zaidi ya dola kumi hivi.

Hadithi haiishi hapo, na mwisho wake unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2023 Carvana ilipatana na wakopeshaji wake wakaipunguzia deni, ikapunguza watu na gharama, na mwaka 2025 hisa yake ilipita tena dola 300. Atatokea mshauri atakayekuonyesha habari hizo na kusema: umeona, mwenye subira hula mbivu. Sisi tunamwuliza mshauri huyo swali moja. Aliyestaafu, ambaye fedha zake zote zilikuwa humo, na ambaye Januari 2023 alitakiwa kulipa karo za watoto watatu, aliuza hisa zake kwa bei ipi? Subira ni mali ya mtu mwenye chakula kingine ghalani.

CarMax, kwa upande wake, haikuzama wala haikuruka. Katika mwaka wake wa hesabu ulioishia Februari 2022 iliuza kwa rejareja magari zaidi ya 900,000. Miaka miwili baadaye yalikuwa chini ya 800,000. Hisa yake imekuwa na siku mbaya, na Septemba 2025 ilishuka kwa kama moja ya tano katika siku moja baada ya kutangaza mauzo hafifu. Lakini ndani ya vitabu vyake mna tarakimu moja ambayo haichezi sana. Kwa miaka mingi, bei zikiwa juu au chini, faida yake ghafi kwa kila gari moja la rejareja imekaa karibu na dola 2,200. Gari likiuzwa dola 20,000 au dola 28,000, fungu lake ni karibu lile lile. Maana yake ni kwamba kampuni hiyo haichezi kamari kwa kungojea bei ipande. Hununua leo kwa bei ya leo, huuza upesi kabla bei haijageuka, hula fungu lake dogo, na kununua tena. Hiyo ndiyo biashara ya magari yaliyotumika katika hali yake safi. Yaliyobaki ni bahati.

KUTOKA NAGOYA HADI NAKAWA

Sasa turudi nyumbani. Mtu anaweza kusema kwamba haya hayatuhusu, kwa sababu Mganda wa kawaida hanunui gari jipya hata kidogo, basi jipya litashindanaje na kuukuu? Ni kweli kwamba magari mengi yaendayo katika barabara zetu yalikwisha kuwa na bwana mwingine huko Japani. Lakini gari jipya hutufikia kwa njia ya mzunguko.

Mjapani akinunua gari jipya, hulipeleka katika ukaguzi wa lazima uitwao shaken baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo na malipo yanayofungamana nao si kitu rahisi, na gari likizeeka wengi huona afadhali kuliuza na kununua jingine. Gari hupelekwa mnadani, katika nyanja kubwa kama zile za kampuni ya USS katika wilaya ya Nagoya, ambako magari maelfu huuzwa kwa siku moja, kila moja likiwa na karatasi yake ya daraja. Humo ndimo wakala wa mwenye yadi wa Kampala hununua. Kisha gari hupakiwa melini, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, hupita Malaba, Busia au Mutukula, na kufika katika bondi, kwa mfano zile za Nakawa, ambamo hukaa chini ya mamlaka ya forodha mpaka kodi zake zilipwe.

Tazama basi. Mjapani ataliuza gari lake lini? Atakapopata jipya. Viwanda vilipokosa chipu, Mjapani alingoja, mnada ukapungukiwa na magari, na bei ikapanda hadi kwa mwalimu wa Mbarara ambaye hajui hata chipu ni nini. Tena kuna sarafu. Mwaka 2011 dola moja ilinunua kama yeni 76; katikati ya mwaka 2024 ilinunua zaidi ya 160. Gari la yeni milioni moja lilikuwa kama dola 13,000 mwaka ule, na kama dola 6,200 mwaka huu wa pili. Yeni inaposhuka mwenye yadi hucheka, ila tu kama magari yaliyomo yadini hakuyanunua kabla haijashuka. Hununua kwa yeni na dola, akauza kwa shilingi baada ya miezi. Katikati ya siku hizo mbili kila kitu chaweza kugeuka.

Na sheria hugeuka pia. Mwaka 2018 Bunge letu lilipitisha sheria ya kukataza kuingizwa kwa magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya kwa muda mrefu imeweka kikomo cha miaka minane. Mwaka 2024 Ethiopia ilikwenda mbali zaidi, ikakataza kuingiza magari ya watu binafsi yanayotumia mafuta, yaliyotumika na mapya pia, ikaruhusu ya umeme tu. Hatulaumu sheria hizo. Moshi wa Kampala tunauvuta sote. Tunasema tu kwamba tarehe iliyoandikwa katika sheria huweza kugeuza gari zima likawa mzigo.

Kuna jambo la umri ambalo tunaona halizungumzwi vya kutosha. Yadi zetu zimeishi kwa aina chache za magari ambayo kila fundi wa kijijini anayajua na kila duka la spea linayo vipuri vyake. Toyota Wish ni mojawapo. Toyota Premio ni nyingine. Wish iliacha kutengenezwa mwaka 2017, na Premio mwaka 2021. Kwa kipimo cha miaka 15, Wish ya mwisho kabisa itafungiwa mlango mwaka 2032, na kikomo kikisogezwa, mapema zaidi. Chemchemi hizo zinakauka polepole, na mwenye yadi aliyezoea kuuza aina hizo akiwa amefumba macho itambidi ajifunze aina mpya, zenye mitambo ya umeme ambayo mafundi wetu wengi bado hawajaifungua.

Jambo la mwisho kutoka nje ni la Uchina, na hilo ni la ajabu. Viwanda vya huko vimetoa magari mengi kuliko wanunuzi, na mwaka 2025 mkuu wa kampuni ya Great Wall, Wei Jianjun, alifunua hadharani desturi ya magari yaliyotumika ya kilomita sifuri. Ni magari mapya kabisa, hayajaendeshwa, lakini yameandikishwa serikalini kwa jina la mtu, ili yahesabiwe kuwa yamekwisha kuuzwa. Kisha huuzwa tena kama yaliyotumika kwa bei ya chini, ndani ya nchi na ng'ambo. Hapo ushindani wa gari jipya umevua kofia yake na kuvaa kofia ya gari kuukuu. Mwenye yadi anayeuza gari la miaka minane huenda siku moja akaona jirani yake anauza gari lisilo na mkwaruzo, katika safu ile ile ya mitumba, kwa bei isiyoachana sana na yake.

HESABU YA GARI MOJA

Tuandike sasa hesabu ya gari moja, ya kukisia tu, ili kila mtu aitie tarakimu zake mwenyewe. Tuseme gari limefika Kampala na kodi zote, ushuru wa forodha na VAT vikiwa ndani yake, kwa shilingi milioni 20. Litauzwa milioni 22. Kodi ya kiwanja, mlinzi, betri na bakshishi ya dalali ni shilingi 600,000. Imebaki milioni moja na laki nne. Ikiwa fedha ni zako mwenyewe na gari limeuzwa katika siku 60, umepata asilimia 7, na katika mwaka unaweza kuizungusha fedha hiyo mara sita. Ni biashara nzuri.

Lakini ikiwa fedha ni za mkopo kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, kila mwezi gari linakula 400,000. Likiuzwa kwa miezi miwili, faida ni 600,000. Likikaa miezi minne, ni hasara ya 200,000. Na kama katika miezi miwili ya kwanza soko limeshuka kwa milioni moja tu, kwa sababu yeni imeanguka na jirani ameleta magari ya bei nafuu zaidi, ni hasara ya 400,000 hata kwa mwuzaji mwepesi. Gari ni lile lile na linang'aa vile vile.

Kwa hiyo anayekuahidi asilimia 10 kila mwezi kwa fedha utakazoweka katika yadi yake, mkatalie kwa hesabu hiyo hiyo. Asilimia 10 ya milioni 20 ni milioni mbili. Ingempasa auze kila gari kabla mwezi haujaisha, akupe tofauti yote ya bei, na yeye alipe mlinzi kwa fedha za mfukoni mwake. Mtu wa namna hiyo hayuko. Kama akilipa kweli miezi mitatu ya kwanza, yaelekea anakulipa kwa fedha za mstaafu aliyekuja baada yako.

Afande anayekwenda kukagua yadi basi na asianze kwa kuhesabu magari. Aulize kila gari liliingia tarehe gani, na aombe kuona karatasi za forodha zenye tarehe hiyo, kwa maana vumbi huoshwa lakini karatasi hazioshwi. Ikiwa nusu ya magari yana zaidi ya miezi minne, hiyo si yadi, ni maegesho. Aulize pia magari ni ya nani. Katika bondi moja mara nyingi mna magari ya waingizaji mbalimbali, na mwenye kukutembeza huenda akawa dalali tu ambaye hata moja si lake. Tena aulize kama yamewekwa dhamana. Marekani, Septemba 2025, ilianguka kampuni iitwayo Tricolor, iliyokuwa ikiwauzia na kuwakopesha magari yaliyotumika watu wa kipato kidogo; waendesha mashtaka walidai kwamba magari yale yale yaliwekwa dhamana kwa wakopeshaji zaidi ya mmoja. Ikiwa mabenki makubwa yenye mawakili wengi yaliweza kuonyeshwa gari moja mara mbili, mstaafu mmoja ataonyeshwa mara ngapi?

Hapa Uganda tunayo silaha moja ambayo wachache huitumia. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana katika mali zinazohamishika iliweka daftari la dhamana hizo chini ya idara ya usajili, URSB, ile ile inayoandikisha makampuni. Mtu anaweza kutafuta humo kabla ya kutoa fedha zake, na humo humo mwenye kukopesha anaweza kuandikisha haki yake ili asije mwingine akamtangulia. Polisi wa usalama barabarani, ambao husoma namba za chesisi na injini kila siku, hawahitaji kufundishwa na sisi namna ya kulinganisha namba za karatasi na za chuma. Tunawaomba tu waifanye kazi hiyo hata siku wanayonunua kwa fedha zao, na hata kama muuzaji ni rafiki.

Na kiasi gani kiwekwe? Wanajeshi wanacho chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wanacho Exodus. Sisi tungependa kiinua mgongo kianzie mahali pa namna hiyo, kisha fungu lake dogo, ambalo likipotea watoto hawatafukuzwa shule, ndilo liende yadini, kwa mkataba ulioandikwa, wenye kutaja magari kwa namba za chesisi na kusema wazi kwamba kila gari likiuzwa mtaji unarudi kwanza, na faida inagawanywa baadaye. Wanachama kumi wakiungana wanaweza kuweka mmoja wao pale yadini kila siku, awe na daftari la kuingia na kutoka kama lile la lango la kambi: tarehe, namba ya chesisi, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, na jina la aliyeondoka na gari.